Majigambo Mbele ya Mfalme wa Hopkins

Mfalme wetu hutengeneza mashine za kupasha nyumba joto huko Hopkins, ughaibuni. Jumamosi huvaa taji la shaba, nasi wanachama wenzake tunajifanya watu wa Ulaya ya kale: wenye panga, wenye kufuma, na mimi, muuguzi kutoka Kisumu, malenga wa baraza. Watoto wangu wananionea aibu, hasa nikivaa zile soksi ndefu.

Mwaka juzi mama alifariki. Karatasi zangu za uhamiaji zilikuwa hazijatoka, ningeondoka, nisingerudi. Wakamzika bila mimi, kifungua mimba wake. Mazishi niliyatazama kwenye simu, nimekaa ngazini hospitalini, nimevaa sare. Asiyemlilia mamake mbele ya watu hubaki na donge kooni. Nami nilibaki nalo.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu yangu kumsifu mfalme. Kwetu, penye msiba au sherehe, mtu humkatiza mwimbaji, akajigamba, akamsifu na aliyemzaa, kisha mwingine akasimama naye ajigambe. Nilianza kumsifu mfalme vizuri tu. Ubeti wa pili, ulimi ukaniponyoka.

"Mimi," nikasema kwa Kiingereza changu cha wodini, "ni mtoto wa mfinyanzi aliyenisomesha kwa vyungu. Alikunywa chai bila sukari, akidai haipendi sukari, ili sisi tupate."

Nikangoja mwingine asimame. Mjinga mimi! Hawa wangejuaje kwamba zamu ni yao? Hakuna aliyesimama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, soksi na vyote. Nikainama kumwomba mfalme radhi.

Mfalme akavua taji. "Mimi," akasema, "ni mtoto wa dereva wa basi la shule. Theluji ianguke vipi, mama hakuacha mtoto hata mmoja barabarani."

Akasimama mama mfumaji, akamtaja mama yake. Akasimama jamaa mmoja wa panga, pande la mtu, akalia kabla hajasema neno. Tuliendelea hivyo mpaka chakula kikapoa, na hakuna aliyekumbuka kumsifu mfalme.

Nilipofika nyumbani nilimpigia dada yangu.

"Pole sana," akasema. "Na vile ulikuwa huko peke yako tu."

"Sikuwa peke yangu. Leo tumekaa matanga."

"Na nani? Si huna watu huko ila wanao?"

"Na watoto wa mama zao," nikamjibu, kisha nikalia kwa sauti, naye akaningoja hadi nikamaliza.