Gauni la Samawati

Nilikuwa nafundisha vikundi vya hisani kutumia Facebook na WhatsApp, na kwa muda mrefu niliiona kazi hiyo kuwa safi. Tulikutana katika ukumbi wa kanisa pale Kaaga: kina mama wanaolea mayatima, vikundi vya walemavu, wazee wa kamati waliokuja na simu za vioo vilivyopasuka. Mimi niliwaonyesha jinsi ya kufungua ukurasa. Mkufunzi mkuu, aliyetoka Nairobi, ndiye aliyefundisha picha.

Somo lake lilikuwa moja tu, kwamba mtu anayetabasamu haleti mfadhili. Alilisema huku akila sambusa, na kwa vidole vile vile vya mafuta akapitia simu za watu akizihukumu picha zao. Hii imekufa. Hii pia. Hii ina machozi, lakini hayatoshi. Aliporudisha simu, nyuso za watoto zilikuwa zimepakwa mafuta ya nyama. Watu waliandika kila neno kwenye madaftari.

Siku ya pili tulienda kufanya mazoezi karibu na Ruiri, kwa kikundi cha kina mama wanaowatembelea wazee wanaoishi peke yao. Mwenyekiti wao alitupeleka kwa bikizee mmoja aliyekuwa ameambiwa tangu juzi kwamba atapigwa picha. Tulimkuta nje, kitini, ameoga, amejipaka mafuta mpaka miguu inang'aa. Alivaa gauni la samawati, lile analoendea kanisani, na kitambaa cheupe cha kichwani kilichopigwa pasi.

Mkufunzi alimtazama, akaninong'oneza kwamba hapo hakuna hadithi. Hakujua Kimeru, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake.

"Mwambie avae nguo za shamba," alisema. "Na asikalie kiti."

Nikamwambia. Tena niliyalainisha maneno. Nilimwita shosho, kama nyanya yangu mwenyewe, nikacheka kidogo, nikadai ni kwa sababu ya mwanga. Kile kicheko changu ndicho kinachonitia kinyaa hadi leo, kuliko lolote alilolisema yule bwana. Mwenyekiti alitazama kando. Bikizee aliingia ndani, akakawia, akatoka na rinda lililochanika kwapani, kichwa wazi. Akaketi chini kando ya banda la mbuzi, kwenye mavi, kwa kuwa hapo ndipo alipoelekezwa. Nzi walimtua mdomoni. Alipoinua mkono kuwafukuza, mkufunzi alitaka nimwombe awaache kwanza. Nikamwomba. Nikapiga picha.

Niliiweka kwenye ukurasa wa kikundi, nayo ikasambaa kuliko chochote nilichowahi kuposti. Watu wasiomjua waliwalaani watoto wake. Ana mwana anayeuza nyama mjini Maua, ambaye humtembelea na kumletea vyakula. Huyo ndiye waliyemwita mnyama.

Wiki chache baadaye tulikuwa Embu na vikundi vingine. Mkufunzi aliimulika ile picha ukutani, kubwa kama mlango wa ghala, nzi wanaonekana mmoja mmoja. Alisema huo ndio mfano wa kuigwa. Watu wakapiga makofi. Kisha akamwita mwenyekiti wa Ruiri, aliyekuwa amealikwa, atoe ushuhuda.

"Yule mama hatoki nyumbani siku hizi," mwenyekiti alisema. "Mwanawe alikuja kumuuliza kwa nini amemwaibisha. Na mama mwenyewe hata hiyo picha hajaiona."

Mkufunzi alimshukuru kwa kutaja changamoto, akataka kuendelea na somo. Nikasimama nikasema mimi ndiye niliyeipiga, na kwamba tulimkuta yule mama amevaa vizuri kuliko sisi sote. Nikaifuta kwenye ukurasa pale pale, mbele yao. Wakati wa chai mkufunzi alinifuata, mdomo umejaa mandazi, kuniambia kwamba sijakomaa kikazi. Hatujafanya kazi pamoja tena.

Kuifuta hakukusaidia sana. Ilikuwa imeshanakiliwa, na baadaye niliiona kwenye ukurasa wa watu nisiowajua, wakidai ni mama wa kaunti nyingine anayekufa kwa ukame.

Nilienda Ruiri kuomba msamaha. Nilimweleza kila kitu kwa Kimeru, bila kulainisha, hata kwamba yale ya mwanga yalikuwa uongo. Alisikiliza huku akimenya maharagwe. Aliniuliza kama waliomwona ni wengi. Nikasema ni wengi. Akauliza kama mimi nina mama. Nikasema ninaye.

"Yeye umempiga picha akiwa wapi?"

Nilijitolea kumpiga yeye picha nyingine, akiwa na lile gauni la samawati, aichague mwenyewe.

"Hapana," alisema. "Wewe usinipige tena."

Kisha, kwa kuwa nilikuwa mgeni, aliinuka akaniletea uji. Nilikunywa hadi mwisho, na sikuweza kumtazama usoni nilipomrudishia kikombe.