Kaya Zilizokuwa Shambani

Siku ya kwanza kazini, miaka ya tisini, nilifika ofisi ya takwimu ya mradi wa afya, Ifakara, saa nzima kabla mlango haujafunguliwa. Kusubiri sijui; ndugu zangu wananiita Kiherehere mpaka leo. Mkuu wa Kitengo alinikuta nazunguka barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa kompyuta? Basi tulia. Mashine za hapa zinakwenda taratibu."

Kweli bwana. Programu ya kuhesabu kaya za bonde iliandikwa kwa lugha ya kukompaili, yaani lazima maandishi yote yageuzwe kwanza kuwa lugha ya mashine. Kubadili mstari mmoja kulikula nusu siku, umeme usipokatika. Ndani mlikuwa na kile ambacho mafundi tunakiita darasa, jina lake Kaya: kielelezo cha kaya ni nini na hujibu maswali gani. Swali mojawapo: bado wapo? Karani wa kaya akipita nyumbani mara mbili na kukuta mlango umefungwa, Kaya ilijibu: wamehama.

Jamani! Msimu wa mpunga watu wa bonde hili hulala shambani miezi, kwenye dungu, kibanda cha kufukuzia ndege, kisha hurudi nyumbani. Aliyeandika programu hakulijua hilo. Na orodha ya vyandarua vya watoto ilitoka humo humo; aliyehama hapati.

Nikamwomba Mkuu nitumie skripti, lugha inayosomwa mstari kwa mstari bila kukompaili. Nikaunda humo darasa mtoto, KayaShambani, linalorithi kila kitu cha Kaya ila swali lile linalijibu lenyewe: ngoja mavuno yaishe.

"Umejaribu?" Mkuu aliuliza.

"Nimejaribu, mzee."

Nilikuwa nimejaribu upande wa skripti tu. Nikachapa orodha ya vyandarua, sikuisoma, ikaondoka na gari la kwenda kuvigawa Mchombe.

Kumbe programu kuu haikujua kama darasa langu lipo. Ilijijibu yenyewe kama zamani. Wiki tatu baadaye akaja mama mmoja, mtoto mgongoni anachemka homa.

"Wameninyima chandarua. Wanasema nimehama. Nimehamia wapi, mwanangu?"

Niliona aibu, nikakosa pa kutazama. Mama alipokwenda kwa daktari, Mkuu akanigeukia. "Haraka yako ndiyo iliyomfikisha hapa. Kaa chini."

Nikakaa. Tuliongeza darasa la kati ndani ya programu kuu, ambalo kabla ya kila jibu huuliza kwanza: je, skripti ina jibu lake? Likiwepo, linafuatwa hilo. Lisipokuwepo, inajibu Kaya. Orodha mpya niliisoma jina kwa jina, na chandarua cha yule mama nilikipeleka mwenyewe. Mtoto alipona, Mungu mkubwa, lakini mimi sikupata tena amani na orodha yoyote.

Sasa nimestaafu, nalima mpunga Lumemo. Msimu uliopita nilirudi nyumbani nikamkuta karani wa kaya mlangoni, binti mpole, ana simu yake ya kuandikia.

"Mmeniandika nimehama?" nilimuuliza hata kabla ya salamu.

"Hapana, mama. Umeandikwa uko shambani. Shikamoo."

Mwingine angeitikia, akafurahi, akaingia ndani kupumzika. Mimi nilitua mzigo pale pale nikamwambia alete hiyo simu nisome mwenyewe.