Ukuta Uliokuwa Ukizama

Wanafunzi walimwita Mama Angani, kwa kuwa aliwafundisha kusoma picha za setilaiti: wapi mgodi umekula msitu, wapi mto umebadilika rangi. Alikuwa mpima ardhi miaka kumi na tisa, mpaka magoti yakamkataa. Ndipo chuo kikampa darasa lenye kompyuta kumi na mbili, tatu mbovu.

Muhula ule aliwapa zoezi la kupima, kwa picha za rada, ukuta wa udongo unaozuia tope la mgodi mmoja. Mgodi huo aliujua. Kaka yake alikuwa mlinzi wa pampu pale, na nyumba yake ilikuwa bondeni, chini ya ukuta wenyewe.

Binti wa kiti cha nyuma akainua mkono. "Mwalimu, nadhani nimekosea. Ukuta wangu unazama."

Hakukosea. Kompyuta zote tisa zilitoa jibu lile lile: upande mmoja umeshuka sentimita nne kwa miezi mitatu, na mwezi wa mwisho umeshuka zaidi kuliko miwili ya kwanza ukiijumlisha.

Mama Angani akampigia kaka yake simu.

"Dada, ukuta huo naukanyaga kila siku," kaka akacheka. "Wewe unautazama kutoka juu kama mwewe. Nani anaujua zaidi?"

"Wahamishe watoto tu, kaka."

"Nikihama mimi mlinzi, wengine watasemaje? Kibarua kitaota nyasi."

Akauandikia mgodi barua. Akajibiwa kwa mistari miwili kwamba ukuta umekaguliwa, ni mzima. Akapanda basi, akaenda mwenyewe, akakaa kwenye benchi la mapokezi mpaka ofisi zikafungwa. Akateremka bondeni. Kaka alikuwa zamu, wifi yake yupo. Wifi akazigeuzageuza picha za rada alizoletewa.

"Rangi hizi mimi sizielewi," akasema. "Ila wewe, wifi, hujawahi kunidanganya."

Kesho yake wifi akachukua watoto, akaenda kwa mama yake. Kaka alimwandikia dada ujumbe mmoja tu: Umenivunjia nyumba.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, ukuta ulipasuka. Kaka alikuwa amelala, ametoka zamu ya usiku. Walimpata baada ya siku nne.

Msibani wifi hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Alikufa amenuna," akaendelea kukunja nguo za marehemu.

Mama Angani aliporudi darasani, binti wa nyuma alikuwa amelifuta zoezi lake.

"Lifanye upya," akamwambia. Kisha akafungua picha mpya, akawataka wote wahesabu mapaa yaliyofunikwa na tope. Wakaanza kuhesabu. Binti akasita kwenye paa moja lililotokeza kona tu, akauliza kama nalo lihesabiwe.

"Hiyo ni nyumba ya kaka yangu," akasema. "Ihesabu."

Yalikuwa sitini na manne. Wakaipelekea tume ya uchunguzi karatasi zote, pamoja na vipimo vya ukuta. Ripoti ilipotoka ilisema chanzo ni mvua kubwa. Mama Angani aliisoma mara mbili, akaenda kutafuta takwimu za mvua za mwezi ule. Haikunyesha hata siku moja.