Kikwembe Iliyopoza Ordinateur

Mucheke, hata minye ninacheka. Mutoto wangu Mado alikuwa anaandika kazi yake ya kumaliza université mu ordinateur, ile mashini ya kuandikia, kwetu Shituru. Jua ikiwaka, mashini inapata moto, inazimika, kazi inapotea. Minye sikusoma sana, lakini bière tunapozaka na kitambaa ya mayi. Nikalowesha kikwembe, kitenge ya bibi yangu, mama ya Mado, nikatundika mbele ya ventilateur, upepo yake ikafika ku mashini. Mashini haikuzimika tena! Nikatamba nyumba muzima.

Chef wa quartier akaingia, koti yake ya abacost imefungwa mpaka ku shingo.

"Baba Mado, juu ya nini Président eko analia?"

Nikaangalia: kikwembe ya défilé, ile ya kuvaa ku maandamano ya sikukuu! Sura ya Président inatonya mayi.

"Hapana kulia, chef. Anapoza ordinateur."

Akagusa mashini: baridi. Akafungua kifungo ya abacost yake, ya kwanza, ya pili.

"Mado, sogea. Na chef apozwe."