Sauti ya Meneja wa Mfuko

Sista, kama wote walivyomwita, alikuwa muuguzi mstaafu na mjane. Kiinua mgongo chake chote alikitia kwenye mfuko wa uwekezaji, ule ambamo watu huchanga fedha na meneja akawanunulia hisa. Mdogo wake, mshonaji wa mapazia, naye alikuwa na vipande huko, yaani sehemu alizonunua katika mfuko huo. Ndiye aliyemburuta kwenda kwenye mkutano wa wawekezaji.

"Twende, Dada. Usikae ndani kama kabati."

Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na feni iliyolalama zaidi ya kupuliza. Wawekezaji walikuja moto. Mmoja alisema meneja anajilipa ada nono hata soko likiwa taabani. Mwingine akamtetea: gawio la nyuma lilikuwa zuri, tusiwe wepesi wa kusahau. Ndipo meneja aliposhika kipaza sauti.

"Ndugu zangu, soko la hisa limeyumba. Lakini hakuna la kuogopa."

Sista alisisimka mwili mzima. Ilikuwa sauti ya marehemu mumewe. Haikufanana nayo tu, ilikuwa yenyewe, na kule kushuka kwenye neno la mwisho kama anayembembeleza mtoto alale. Hivyohivyo ndivyo mumewe alivyomwambia wakati wote alipoficha ugonjwa uliokuwa ukimmaliza. Na yeye, muuguzi mzima, akaamini.

"Umemsikia?" alinong'ona.

"Nimemsikia, anatuchezea tu. Dada, tutoe vyetu mapema."

Sista alijua kwamba mdogo wake anasema kweli. Mdogo mtu aliuza vipande vyake vyote wiki ileile. Sista hakuuza. Kila mkutano alikwenda, akakaa mbele kabisa, akafumba macho. Bei ya kipande ilishuka, viti vikazidi kubaki vitupu, na sauti ile ikaendelea kuahidi kwamba mwakani soko litainuka. Alitoka pale na furaha iliyomtia hofu, akatembea polepole, kana kwamba kuna mtu wa kumsubiri afuate.

Hatimaye mfuko ulibaki nusu, na meneja akaachishwa kazi. Sista alimkuta kwenye ngazi za ofisi, amekumbatia boksi la vitu vyake.

"Mwanangu, sema nami kidogo."

Kijana alimtazama, macho mekundu. "Nisamehe, mama. Hata mimi nilikuwa naogopa."

Pale, bila kipaza sauti, sauti yake ilikuwa nyembamba, imechoka. Haikuwa ya mtu yeyote anayemjua.

Mdogo wake alipopata habari alikuja juu. "Lakini ulijua, Dada! Ulijua, ukabaki! Kwa nini?"

"Ningetoka, ningemsikilizia wapi shemeji yako?"

Mshonaji akavuta kiti karibu na dada yake. Hawakuligusa tena jambo hilo.

Kilichosalia Sista hakukitoa. Sasa mdogo wake ndiye anayekwenda kumwakilisha mikutanoni. Akirudi, hukaa sebuleni jua likiwa bado kali, tayari kueleza meneja mpya kasema nini na wawekezaji wanaonaje. Lakini kabla hajaanza, Sista humwomba kwanza akafunge mlango wa chumba cha ndani, alimokuwa akilala marehemu mumewe, na akaufunge vizuri, asije akasikia.