Rovu la Mama na Sauti Yake

Mama yangu alikuwa na rovu, uvimbe wa shingoni, tangu nikiwa mdogo, na wenzake wa kwaya pale Itaka waliamini sauti yake inatoka humo. Bibi naye alikuwa nalo, naye aliimba. Kwa hiyo daktari aliposema lazima likatwe, mama alijifunga kanga shingoni akasema twende nyumbani.

Lakini hali ilikuwa mbaya. Mwaka ule alikonda huku akila kuliko mimi. Juni, wakati Mbozi nzima imevaa masweta, yeye alianika kahawa jasho likimtoka, mikono ikitetemeka, moyo ukimwenda mbio hata akiwa amekaa. Akilala chali, pumzi inakwama.

Siku ile daktari alikuwa ametueleza kwamba mbele ya koo, chini ya kikoromeo, kila mtu ana tezi ndogo ya thairoidi, yenye mabawa mawili kama kipepeo. Homoni zake ndizo zinazoupangia mwili mwendo. Zikipungua, mtu anasikia baridi, ananenepa, anachoka bila kazi. Zikizidi, mwili unakimbia hata umepumzika. Tezi ya mama ilivimba miaka mingi kwa kukosa madini joto, maana sisi tulipikia chumvi ya mawe, ile ile tuliyowalambisha ng'ombe. Baadaye vinundu vyake vikaanza kutoa homoni ovyo. Vidonge alivyotupa vingeutuliza moyo, ila uvimbe ulikuwa umeshabana njia ya hewa.

Mama aliuliza jambo moja tu, sauti. Daktari hakumficha. Neva za sauti zinapita nyuma ya tezi, moja kila upande, na ikiumizwa mtu anaweza kubaki anakwaruza.

Shule niliiacha darasa la sita. Nimepakia malori Tunduma, nimebadilisha kwacha mpakani, na wakati huo nilifanya kazi machinjioni, pale Mpemba. Lakini kitu nikikisikia, lazima nikione. Nilirudi kwa daktari peke yangu nikamwomba anichoree. Alicheka, akachora.

Kule machinjioni nikaanza kuyachukua makoo ya ng'ombe ambayo kwa kawaida tunawatupia mbwa. Ya kwanza niliyaharibu kwa pupa. Hatimaye nikaiona tezi, nyekundu iliyokolea, imeshika pande mbili za bomba la hewa, na nyuma yake uzi mweupe unaopanda hadi kwenye kikoromeo.

Koo lile nililipeleka Itaka kwenye ndoo. Mama mdogo alipochungulia ndani, alitoka jikoni. Mama alibaki.

"Shule uliikimbia, leo unanifundisha mimi," alisema.

Niliishika tezi, nikaitenganisha taratibu kwa kisu hadi ikatoka. Uzi ukabaki.

"Sauti yako inapita hapa, mama. Rovu limeilalia tu."

Aliinama akautazama kwa muda mrefu. "Na daktari anauona?"

"Anaanza kwa kuutafuta."

Alinawa mikono ingawa hakuwa amegusa chochote, akauliza vile vidonge viko wapi.

Moyo ulipotulia, walimfanyia upasuaji, wakaitoa tezi yote. Alipozinduka aliniita, na kilichotoka kilikuwa mkwaruzo. Mimi ndiye niliyemshawishi. Daktari alisema neva zote mbili aliziona na aliziacha nzima, tusubiri. Tukasubiri. Mama aliongea kwa kunong'ona, na kwenye kwaya mwingine akawa anaanzisha nyimbo badala yake.

Pasaka tulikwenda na kwaya yake kwa ndugu zetu Mbozi Mission. Pale watu hukusanyika makaburini kabla jua halijatoka, na matarumbeta. Mama alisimama na waimbaji bila kanga, shingo wazi, kovu jembamba kama mkunjo wa ngozi. Matarumbeta yaliponyamaza, hakumsubiri mtu. Akaanzisha.

Sauti ilipanda juu ya ukungu, safi, ikafika pale pa juu ambapo zamani alikuwa akiishiwa pumzi, ikakaa. Wanaume wa besi walisahau kuingia. Nyuma yangu mwanakwaya mmoja wa Itaka akamwambia mwenzake, "Kumbe sauti haikutoka kwenye rovu."

Siku hizi mama anameza kidonge cha homoni kila asubuhi kabla ya chai, na ataendelea hivyo maisha yake yote. Hakilalamikii. Ila siku ile, ubeti ulipoisha, alinigeukia huku watu wakifuta machozi.

"Yule ng'ombe alikuwa wa nani?" akauliza. "Nataka nimshukuru mwenyewe."