Printa Iliyokubali Same, Ikagoma Kighare

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Ndiyo maana Jumatatu printa ilipogoma mara ya kwanza niliizaba kofi. Printa ya wino, mpya kabisa, wiki mbili tu tangu niitoe dukani Same, ina waranti ya mwaka mzima, nami nikaipiga kama mtoto aliyemwaga maziwa. Haikusaidia kitu. Taa nyekundu iliendelea kuwaka na karatasi ikatoka imekunjamana upande mmoja.

Nilikuwa nimeinunua kwa ajili ya mama. Mama ameongoza kwaya ya akina mama hapa Kighare tangu mimi sijaanza shule, na Jumapili ya wiki ile alikuwa anaachia ngazi kwa sababu ya macho. Nyimbo zake za Kigweno, nyingine katunga mwenyewe, nyingine kafundishwa na bibi, zote zilikuwa kwenye daftari moja lililojaladiwa kwa gazeti. Alikuwa amewaahidi wenzake kwamba siku ya kuaga kila mmoja ataondoka na kitabu chake mkononi.

"Na mimi nikisome changu kabla giza halijaniingia," aliniambia, huku akicheka.

Mimi sikucheka. Daktari alishasema jicho la kushoto limekwenda na la kulia linalifuata.

Basi Jumatatu hiyo nikafuata kijitabu cha maelekezo hatua kwa hatua. Nikazima, nikawasha. Nikatoa karatasi, nikazipanga, nikazirudisha. Nikafuta rola kwa kitambaa chenye unyevu. Wapi! Nikapiga simu ya huduma kwa wateja, nikasikilizishwa muziki mpaka nikaukariri, kisha dada mwenye sauti ya asali akaniuliza kama nimechomeka waya kwenye umeme. Majibu niliyompa siyaandiki hapa.

Nikaamua kushuka nayo Same. Tatizo, risiti ilisema printa irudishwe ndani ya boksi lake, na ndani ya boksi lake kuku wa mama alikuwa anaatamia mayai tisa.

"Mama, nalihitaji boksi."

"Msubiri atotoe."

"Atatotoa lini?"

"Wiki ijayo, Mungu akipenda."

Nikamhamishia kwenye karai, na mayai yake yote. Alinidonoa kidole mpaka damu. Nikapanda bodaboda na boksi mapajani, tukazishuka kona za milima ya Ugweno hadi kwenye lami, na hapo nikapata basi la Same.

Fundi wa dukani ni mwanamume mpole, mwenye baraghashia nyeupe, asiyejua kupandisha sauti.

"Karibu mama, habari za mlimani?"

"Za mlimani mbaya! Hii mashine yenu ni kimeo!"

Alifungua boksi, akatoa majani makavu, akatoa na unyoya mmoja, akaviweka pembeni bila kuuliza. Akachomeka printa. Kurasa kumi zikatoka, safi, zimenyooka, mpaka nikaona haya.

"Mbona inapiga kazi, mama?"

Nikarudi nayo Kighare. Jumatano ikatoa kurasa tano, ya sita ikakunjamana, taa nyekundu ikawaka. Jamani! Majirani wakaanza kutoa sababu. Mmoja alisema ni baridi ya huku juu, mwingine akasema ni umeme. Jirani wa upande wa migomba akaniambia kwa kunong'ona kwamba kitu kizuri kikitazamwa sana na watu kinaharibika. Mimi nilijua ni fundi tu, kanifanyia kiinimacho.

Alhamisi nikarudi Same nimevimba. Akaichomeka. Ikachapa. Hapo sikukopesha, nilisema mbele ya wateja wote kwamba nataka mpya, leo hii, kabla jua halijazama.

"Waranti ipo, mama, hakuna anayeikataa," akasema taratibu. "Ila nikubadilishie kwa ugonjwa gani, na mgonjwa huyu hapa anatembea? Hebu nieleze. Nani anaigusa huko nyumbani?"

"Mimi peke yangu."

"Ukimaliza kazi?"

"Nazima. Mama anaifunika."

"Anaifunika kwa nini?"

"Kwa kitambaa. Ungetaka ikae uchi?"

Maana kwetu hakuna kitu kinachokaa uchi sebuleni. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, jagi la maji lina chake, na viti vina vyao vya kuegemea. Printa ilipofika tu, mama akaifumia cheupe, akakishonea shanga pindo zima ili upepo usikipeperushe. Mgeni akibisha hodi, hata kama niko katikati ya kazi, mama anainuka na kuivalisha mashine kwanza, ndipo aseme karibu.

Fundi alitandika gazeti, akaipindua printa, akaigonga mgongoni mara mbili. Zikadondoka shanga tatu kupitia mdomo wa nyuma unapoingizia karatasi: mbili za bluu, moja nyeupe.

"Bodaboda inazitikisa zinakimbilia pembeni, ndiyo maana hapa inafanya kazi," akasema. "Ukifika nyumbani zinarudi kwenye rola. Waranti inagusa mambo mengi, mama, ila shanga hazimo."

Hakucheka hata kidogo, na ndicho kilichonimaliza. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikamwomba radhi mbele ya wateja walewale.

Kwenye basi kicheko kiliniishia. Mama kashona maisha yake yote na fundo lake halikuwahi kufunguka. Sasa alikuwa anashona kwa kupapasa, na mimi nilikuwa sijaona. Roho iliniuma sana. Nikimwambia kwamba kitambaa chake ndicho kilichokwamisha kitabu chake, hatashika sindano tena. Basi nilipofika nikamdanganya.

"Fundi anasema mashine inapata joto, mama. Isifunikwe tena."

Akapapasa pindo la kitambaa. "Shanga ngapi?"

"Shanga gani?"

"Mwongo wee! Tatu hazipo. Nimetambaa sakafuni tangu juzi nikizitafuta, naogopa kukwambia."

Nikafungua leso yangu nilikozifunga, nikampa. Alizihesabu kwa kidole gumba, kisha akaangua kicheko, na mimi nikamfuata, huku machozi yananitoka. Jioni ile nilimtungia uzi, yeye akapima mahali pa kila shanga, mimi nikafunga mafundo.

Jumamosi printa ikachapa ikiwa uchi, wageni walioona haya shauri yao. Nakala ishirini zilikuwa tayari nilipochapa ya mama, kwa herufi kubwa za kujaza ukurasa. Akaketi karibu, kitambaa mapajani, akawa anapokea kila karatasi na kuisogeza hadi puani. Alisoma kwa kuimba. Kwenye wimbo wa kupalilia karatasi iliisha, yeye akaendelea.

"Mama, hapo unapoimba hapamo."

"Hapamo wapi?"

"Kwenye daftari. Huo ubeti haupo."

Akafikiri. "Ni wa bibi yako. Sikuwahi kuuandika. Nilikuwa nao tu."

Nikazitazama zile nakala ishirini. Kofi sikumpiga mtu wala mashine. Nikaziweka pembeni, nikavuta kiti mbele ya kompyuta, nikamwambia aurudie polepole.

Jumapili kila mwanakwaya alipata kitabu. Walipofika kwenye ubeti ule wote waliinamisha vichwa kusoma, kwa sababu hakuna aliyeujua. Mama alikuwa amekaa benchi la mbele, kitabu chake kimefungwa mapajani, anawasikiliza.